Bi Mkubwa na Kichupa cha Malai

Mwinyimadi wa Kisarawe alikuwa na cherehani moja, mke mmoja na ng'ombe mmoja. Katika mali hiyo yote, na mke naye alimhesabu humo humo, ni ng'ombe peke yake aliyetandikiwa mkeka mpya.

Cherehani ilikaa kwenye baraza ya duka la Mhindi, kando ya njia ya kupandia bomani. Hapo Mwinyimadi alishona kanzu, na kila kanzu aliishonea na hadithi yake. Jina lake lilianza na Mwinyi, na hakumwachia mteja nafasi ya kulisahau. Kwa maelezo yake, ukoo wao ndio uliokuwa ukimiliki kila mnazi unaoonekana toka Kisarawe mpaka Pugu. Ukimwuliza minazi yenyewe ilikwenda wapi, uzi ulikatika ghafla, akainama kuutunga upya, na mpaka amalize, swali lilikuwa limeshapoa.

Ng'ombe alitoka Mlandizi na ndama wake, kwa mkulima mmoja aitwaye Mfaume, mwaka ule Waingereza walipomvika Malkia wao taji na boma la Kisarawe likapambwa vitambaa kama nyumba ya harusi isiyo na pilau. Sasa, Kisarawe si nchi ya ng'ombe. Porini kuna mbung'o, na watu wa hapa wanachokijua ni mnazi, mkorosho, muhogo, na mbuzi wachache wasio na adabu. Kwa hiyo kuwa na ng'ombe wa maziwa, umemfunga mbele ya nyumba, upande wa njiani ambako kila apitaye lazima amwone, kulikuwa ni zaidi ya ufugaji. Kilikuwa ni cheo. Mwinyimadi akampa na jina la cheo: Bi Mkubwa.

“Kama yeye ndiye Bi Mkubwa,” mkewe Sikuzani aliuliza siku ile ile, “mimi ni nani humu ndani?”

“Wewe ndiye unayemkama,” alijibu Mwinyimadi, na aliona kabisa kwamba amemsifu.

Mfaume alipomkabidhi kamba alikuwa amemwambia ng'ombe huyu kazoea majani ya bondeni, kando ya mto Ruvu, na kazi yake kutwa ni kula na kucheua. Mwinyimadi aliitikia ndiyo, ndiyo, huku moyoni akimwonea huruma mnyama. Majani! Unampokea mgeni wa heshima, anayekujazia ndoo, halafu unampa majani kama mbuzi wa jirani? Watu wa pwani hawana tabia hiyo. Na hata kama wangekuwa nayo, nani angeyakata? Mwinyi aonekane anashuka bondeni na mundu, anarudi na mzigo wa nyasi kichwani, wateja wanamtazama?

Basi Bi Mkubwa akala chakula cha watu. Asubuhi alipewa uji wa mtama wenye sukari guru. Mchana alisongewa bada, ule ugali wa muhogo, ukapozwa kwa kupepewa ili usimchome ulimi. Jioni alipata ukoko wa wali na ndizi mbivu. Siku ya Ijumaa Mwinyimadi mwenyewe alimletea mkate wa kumimina kutoka kwa Twalibu, mwenye mgahawa wa chai. Majani aliyoyapata ni yale tu aliyoyafikia kwa ulimi pale kamba ilipoishia, na haikuchukua muda pakawa peupe kama kichwa cha mtu aliyetoka kuhiji.

Aliyesonga ni Sikuzani. “Wake wenza nimewaona wa kila namna,” alimwambia jirani yake, “lakini mwenye pembe, na anayemaliza sufuria mbili, huyu ndiye wa kwanza.”

Ni Sikuzani pia aliyeona kwamba ng'ombe ameacha kucheua. Alipomwambia mumewe, Mwinyimadi alicheka sana. “Atafune mara mbili kwa nini? Chakula chetu laini. Kutafuna mara mbili ni shida za Mlandizi.” Kinyesi nacho kikawa chepesi, kikamwagika kama uji ule ule wa asubuhi. Hilo Mwinyimadi alilichukua kuwa ni shibe. Tusimwonee, ndoo ilikuwa upande wake: maziwa yaliongezeka. Bi Mkubwa alitoa mengi kuliko alivyotoa kwa Mfaume, meupe, mepesi, yanayomiminika bila kukwama, kama maneno ya mwenyewe.

Twalibu wa mgahawa ndiye aliyekuwa wa kwanza kunung'unika. “Mwinyi, zamani maziwa yako yakichemka yalivaa kilemba cha malai, utando mzito wa mafuta. Siku hizi yanatoka kichwa wazi.”

“Kuni zako mbichi,” alisema Mwinyimadi.

Ndipo ikaja amri kwamba kila auzaye maziwa Kisarawe ayalete bomani yapimwe. Mpimaji alikuwa bwana mifugo, Salehe, Mnyamwezi wa Tabora. Na Mnyamwezi kwa Mzaramo kama Mwinyimadi ni mtani. Maana yake Salehe aliweza kumwambia Mwinyimadi neno lolote, mbele ya mtu yeyote, na Mwinyimadi akikasirika, yeye ndiye aliyekosa adabu. Serikali haikulijua hilo, lakini ilikuwa imeupa utani meza, kiti na muhuri.

Siku ya kupima, Salehe alipanga vyombo vyake chini ya upenu wa boma. Kulikuwa na kipimo cha kioo kinachoelea, cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji. Kulikuwa na vichupa vyenye shingo nyembamba iliyochorwa mistari, chupa ya tindikali ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuisogelea, na chombo cha duara cha kuzungusha kwa mpini. Zamu ya Mwinyimadi ilipofika, Salehe alitumbukiza kile kinachoelea, akainama, akatazama.

“Maji hamna.”

Mwinyimadi akawageukia waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, kama mtu aliyeshinda kesi.

“Taratibu, mtani,” alisema Salehe. “Hiyo ni hodi tu. Ndani bado hatujaingia.”

Akachanganya maziwa na tindikali kichupani, kikapata moto, akakitia kwenye chombo, akazungusha mpini kwa nguvu. Kila kichupa kilichotangulia kilitoka na mafuta ya maziwa yamepanda shingoni, rangi ya dhahabu, yamejaza mstari hadi mstari. Kichupa cha Mwinyimadi kilitoka na pete nyembamba, ya kuvalishwa kuku.

“Mtani, malai umeyapeleka wapi?”

“Malai gani?”

“Haya ambayo hayamo. Maji hukutia, nimekubali. Basi umeengua. Umeondoa malai, ukatuletea kilichobaki. Kwetu kilichobaki tunampa mbwa, na mbwa mwenyewe awe na kosa.”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwinyimadi naye ikabidi acheke, maana utani ni utani, lakini kicheko kilimtoka kwa tabu. Salehe akaongeza, safari hii kwa sauti ya kazi, kwamba maziwa hayo hayatauzwa mpaka ijulikane malai yanakwenda wapi.

Hapo Mwinyimadi angeweza kurudi nyumbani akamtazama ng'ombe. Lakini mtu aliyeaibishwa hana subira. Aibu imemjaa mikononi, anatafuta wa kumpokeza. Nani anayekama? Sikuzani. Na Idi iliyopita, nani aliyesifia samli mbele ya wageni huko Mzenga? Si mama yake Sikuzani? Akasimama pale pale chini ya upenu wa boma, akakohoa, akasema watu wasikie:

“Maziwa anakama mke wangu. Na kwao wanapenda sana samli.”

Maneno hayo yalifika nyumbani kabla yake. Alimkuta Sikuzani amesimama mlangoni, mwiko mkononi, bada la Bi Mkubwa likitokota nyuma yake.

“Umesema mimi mwizi?”

“Mimi sikusema. Kichupa ndicho kilichosema.”

“Kichupa kina mdomo?”

“Kina shingo.”

“Basi kakilalie.” Akaweka mwiko chini. “Nisikilize, baba. Mimi sijaengua hata tone. Nakuambia kwa mdomo wangu, si kwa shingo. Umesikia?”

Mwinyimadi alisikia. Lakini watu wa foleni walikuwa wamemsikia yeye, na kurudisha neno mbele yao kulikuwa kugumu kuliko kumwacha mke aende. Sikuzani akafunga kanga zake, akapanda lori la mkaa linalokwenda Mzenga, kwa mama yake. Bada likaungua.

Jibu la Mzenga lililetwa na dereva wa lori lile lile, naye alilitoa barazani pa Mhindi, mbele ya wateja, bila kupunguza neno. “Mama mkwe wako, Bi Mwamvita, anakusalimu. Anasema: kama mwanawe mwizi, uje na ushahidi. Kama huna ushahidi, uje na talaka. Mikono mitupu usije, yeye hana nafasi ya wageni wa matembezi.”

Cherehani ikasimama. Mwinyimadi alikuwa amewahi kupoteza minazi ya ukoo mzima bila kukosa usingizi, lakini hakuwahi kufikiri kwamba mke naye hupotea. Alipomkama Bi Mkubwa mwenyewe, alipigwa teke la paja. Aliposonga bada, lilitoka na madonge, na ng'ombe akalinusa, akageuza uso. Nyumba ilikuwa na watu wawili na hakuna aliyekuwa akimtaka mwenzake.

Akapanda bomani. “Mtani,” alimwambia Salehe, kwa sauti ya chini ambayo barazani hawakuwahi kuisikia, “nataka ushahidi. Wa huku au wa huku. Nimechoka.”

Salehe, kwa mara ya kwanza, hakufanya utani. “Upo utaratibu,” alisema. “Muuzaji akibisha, ng'ombe anakamwa mbele ya mashahidi. Anajisemea mwenyewe.”

Asubuhi ya siku ya pili nusu ya Kisarawe ilikuwa mbele ya nyumba ya Mwinyimadi. Twalibu alikuja na birika la chai akauza. Salehe alimwachia ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha akaamuru afungwe mbali. Akachutama, akakama mpaka chuchu zikawa kavu, akieleza kwa sauti kwamba maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta, na asiyeyamaliza amepima nusu ya ng'ombe. Ndoo haikuondoka machoni pa watu. Meza na vyombo viliwekwa hapo hapo mbele ya nyumba.

Mwinyimadi alisimama akiutazama ule mpini unazunguka. Mafuta yakipanda, yeye ni mume aliyeibiwa. Heshima yake imerudi, na talaka lazima iandikwe. Yasipopanda, mkewe safi, na yeye ni nani? Akajikuta anaomba yasipande. Ilikuwa dua ya kwanza maishani mwake ya kutaka awe ndiye mwenye makosa, na hakupenda ladha yake.

Kichupa kikatoka. Pete ile ile ya kuku.

“Ng'ombe kaengua mwenyewe!” mtu akapiga kelele, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Salehe hakucheka. Akapima mara ya pili, na matokeo hayakubadilika. Akarudi nyuma hatua moja ili afikiri vizuri, akakanyaga kinyesi cha Bi Mkubwa, miguu ikamruka, na bwana mifugo wa serikali akakaa chini kwa makalio, kichupa amekiinua juu kisimwagike. Akabaki hapo, akitazama alichokalia.

“Mtani,” alisema polepole, “huyu anakula nini?”

“Anakula vizuri kuliko wewe.”

“Naona. Na anaharisha vizuri kuliko mimi. Nimekuuliza, anakula nini?”

Mwinyimadi akamsomea, kwa fahari, maana watu walikuwa wengi: uji wa sukari guru, bada, ukoko, ndizi mbivu, na mkate wa kumimina siku ya Ijumaa.

“Na majani?”

“Majani ya nini?”

“Anacheua?”

“Alikuwa anacheua. Sisi tumempumzisha.”

Salehe alifumba macho. “Yaani mtani wangu,” alisema, “umemwalika ng'ombe hitimani kila siku.” Akainuka, akajipangusa, na kueleza hivi: malai ya ng'ombe yanatoka kwenye majani magumu, yale anayoyatafuna, anayameza, anayarudisha mdomoni, anayatafuna tena. Ukimjaza vyakula laini vya unga na sukari, ndoo itajaa, lakini mafuta hayamo. “Kichupa hiki hakipimi ndoo peke yake. Kinapima na hori lako. Kila unachompa au unachomnyima kinasomeka hapa shingoni.” Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. “Na mimi, mtoto wa wafugaji, nilitazama kichupa kabla ya kumtazama ng'ombe. Hilo likifika Tabora, utani wetu umekwisha.”

Mwinyimadi akapanda lori kwenda Mzenga na ushahidi wake, akiwa amevaa kanzu mpya. Alimkuta Bi Mwamvita uani anapepeta mpunga.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umekuja na lipi, baba?”

Akaeleza yote, vizuri, kwa mpangilio, jinsi ng'ombe alivyokamwa mbele ya watu, jinsi mafuta yalivyokataa, na kwamba kwa hiyo mkewe hana kosa. Alipomaliza akangoja kupewa maji na mke.

Sikuzani alitoka ndani. “Kichupa kilipokuambia mimi mwizi, uliamini.”

“Niliamini.”

“Kichupa kilipokuambia mimi si mwizi, umeamini.”

“Ndiyo maana nimekuja.”

“Na mimi nilikuambia siku ile ile, mlangoni pako, na mwiko mkononi. Mimi unaniamini lini?”

Hakukuwa na uzi wa kukatika. Bi Mwamvita aliendelea kupepeta, na pumba zikamrukia mkwewe kwenye kanzu mpya.

“Nenda,” alisema Sikuzani. “Nitarudi kichupa kikijaa. Wewe si ndicho unachokiamini? Basi na mimi nitakiamini. Mume anayeweza kumlisha mnyama inavyompasa, pengine naweza kukaa naye. Mafuta yakipanda, nitasikia. Yakishuka, nitasikia.”

Hivyo ndivyo Mwinyi alivyoshuka bondeni na mundu. Siku za mwanzo alizunguka nyuma ya mikorosho ili asionekane, akasahau kwamba mzigo wa nyasi hutangulia kuonekana kabla ya aliyeubeba. Salehe alimdaka njia panda. “Mtani! Pole na msiba! Hilo jeneza la mbuzi unalipeleka wapi?” Na Mwinyimadi, mzigo kichwani, akalazimika kucheka. Akakata nyasi za bondeni, akaongeza na mabua makavu ya mtama, na bada akalipunguza kidogo kidogo, kwani Salehe alimwonya kwamba tumbo la ng'ombe halipendi mageuzi ya ghafla, tofauti na serikali.

Ndoo ikapungua, kinyesi kikakaza. Asubuhi moja Mwinyimadi alimkuta Bi Mkubwa amelala juu ya masalio ya mkeka wake, macho nusu, taya zikienda huku na huku. Anacheua. Mwinyimadi akavuta kigoda, akakaa mbele yake, na mteja aliyefuata kanzu yake siku hiyo hakumpata mpaka adhuhuri.

Kila juma Salehe alipima, na kila juma dereva wa lori aliipeleka habari Mzenga. Huko ikawa mazungumzo ya kisimani: mafuta ya Mwinyimadi yamepanda mstari, mafuta ya Mwinyimadi yametulia. Juma moja yalishuka. Mvua ilikuwa imenyesha, Mwinyimadi akaona uvivu kuloa, akamsongea ng'ombe bada kwa siku chache, akiamini hakuna aliyemwona. Lori likarudi na salamu za mama mkwe: “Anauliza, huko Kisarawe mvua imekukataza kutoka, au mkono umekufa?” Mwinyimadi akamtazama Bi Mkubwa kwa macho ya mtu aliyegundua kwamba analala nyumba moja na mpelelezi. Tangu siku hiyo alikata nyasi hata kwenye mvua, gunia limefunika kichwa.

Halafu siku moja ya kupima, kichupa kilipotolewa, dhahabu imepanda mstari hadi mstari, mkono wa mwanamke ulipita mbele ya Mwinyimadi ukakichukua. Alikuwa Sikuzani, na vumbi la mkaa bado lipo kwenye kanga yake. Akakiinua juani, akakisoma taratibu, akamrudishia Salehe.

“Zungusha tena.”

“Shemeji, huniamini?”

“Kuamini tutaanza baadaye. Zungusha.”

Salehe akazungusha, na mafuta hayakupungua. Sikuzani akateremka mpaka nyumbani, mumewe nyuma yake amebeba ndoo tupu na furushi la kanga. Akasimama mbele ya Bi Mkubwa, akamtazama taya, akainama akatazama kinyesi, akalishika jani moja la nyasi kulipima ubichi. Kisha akaingia ndani, akafunua sufuria moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa kavu, maana kwa juma zima mwenye nyumba alikuwa akila mihogo ya kuchoma pembeni mwa hori.

Akatoka, akavuta kile kigoda kilichokuwa mbele ya ng'ombe, akakaa.

“Huyu ameshapimwa,” alisema. “Mimi nimetoka Mzenga tangu alfajiri, sijatia kitu kinywani.”

Mwinyimadi akaweka chini furushi na ndoo, akakunja mikono ya kanzu, akaenda kuchochea moto.